Mjadala: Mchango wa wazazi ununue kompyuta au umlipe mwalimu?

Mzazi, Mkomani (mleta hoja)

Assalaam aleikum. Kwenye mkutano wa wazazi wa shule yetu hapa Amu (mji wa Lamu, Kenya), limetolewa pendekezo tuchange kununua kompyuta kumi, watoto wa gredi ya nne kwenda juu wafundishwe kuandika programu. Wengi waliunga mkono. Mimi nilipinga, na muda ukaisha kabla sijamaliza kueleza.

Vishikwambi vya serikali tulivipata. Mradi uliahidiwa 2013, na kuanzia 2016 shule zikaanza kupokea vishikwambi vya darasa la kwanza, laptopu za walimu na projekta. Kwetu vilifungiwa kabatini kwa hofu ya wezi. Mnaijua hewa yetu ya chumvi. Vilipokuja kutolewa, vingi havikuwaka. Lakini hata vilipokuwa vizima havikutumika, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyejua afundishe nini navyo. Basi pesa hizi zimlipe kwanza mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, aliyesomea kompyuta.

Na mwalimu huyo hana haja ya kungoja mashine. Kuna masomo yaliyoanzia New Zealand, yanaitwa CS Unplugged, ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta. Nimelijaribu moja barazani na wanangu na wa jirani. Watoto watano walisimama mstari, kila mmoja na kadi: nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Nikawaambia, nipeni 19. Wakabishana, wakageuza kadi, mwisho zikabaki wazi za 16, 2 na 1. Nikawafahamisha kwamba kadi iliyo wazi ni moja, iliyofunikwa ni sifuri, na 10011 ndiyo 19 ya kompyuta. Mdogo wao akauliza kadi ya sita ingekuwa na nukta ngapi, na kabla sijafungua mdomo akajijibu: 32.

Mwalimu, Faza

Ndugu yangu, kadi ni nzuri, ila hazitamvusha mtoto. Akimaliza kidato cha nne, nafasi ya chuo kikuu inaombwa mtandaoni kwa KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni; mkopo wa masomo mtandaoni kwa HELB, bodi ya mikopo; na cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Nina mwanafunzi aliyefaulu vizuri. Alipanda boti kwenda Amu, akamlipa mtu wa saiba, duka la kukodi kompyuta na intaneti, amjazie fomu. Mpaka leo nywila anayo yule mtu wa saiba. Kijana hakujua kuwa ni siri yake. Vidole vyake havikuwa vimegusa kibodi hata siku moja.

Mama, Matondoni

Nyote mmeruka lililo karibu. Mwanangu wa gredi ya tano ndiye humsomea bibi yake ujumbe wa simu. Ulipoingia ujumbe wa pesa, ukifuatiwa na sauti ya mtu aliaye kwamba ametuma kimakosa arudishiwe, bibi alikuwa tayari kutuma. Mtoto ndiye aliyesema, "Bibi, huu umetoka kwa namba ya mtu, haukuandikwa M-PESA. Tuangalie salio kwanza." Salio halikuongezeka hata shilingi. Hilo alifundishwa na binamu yake wala si shuleni. Kwa nini lisiwe somo la kwanza kabisa?

Mzazi, Langoni

Na litafundishwa saa ngapi? Alasiri watoto wako madrasa. Mkiweka baada ya masomo, wangu hatakuja.

Mzazi, Mkomani

Wa Langoni, saa zipo. Katika CBC, mtaala wetu wa umilisi, ujuzi wa kidijitali ni mmoja wa umilisi saba, unapaswa kuingia ndani ya masomo yenyewe. Asubuhi inatosha. Tusiguse muda wa madrasa.

Mama wa Matondoni, hilo lako naliweka mbele ya kadi zangu. Ahsante sana.

Mwalimu, kisa cha nywila kimeniuma, na nakubali nilikosea kusema mashine zingoje. Ila bado nasema mwalimu ndiye kiini. Uingereza waliingiza somo la kompyuta kuanzia watoto wa miaka mitano mnamo 2014, wakiwa na umeme na mashine. Mwaka 2018 ikabidi wafungue kituo cha taifa cha kuwafunza walimu wa somo hilo. Ikiwa wao walikwama kwa walimu, sisi kompyuta kumi zitatufikisha wapi? Napendekeza sasa: mwalimu mmoja, kompyuta mbili zilizotumika lakini nzima, zitumike kila siku, zisifungiwe.

Mwalimu, Faza

Mbili kwa darasa la watoto arobaini, ni ishirini kwa mashine moja. Katika kipindi cha dakika 40, kila mtoto anapata dakika mbili. Atajifunza kuandika jina lake, kisha atapisha mwenzake. Nipe angalau tano, nitasimama nawe kwa hilo la mwalimu.