Leza au sindano ya jicho: mama ana kisukari, tuchague ipi?

Kijana wa Kasanga: Wakuu, mama ana kisukari mwaka wa 14 sasa. Daktari kaona mishipa mipya ya damu imeota kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga; ikipasuka damu inajaa jichoni. Katupa njia mbili, leza au sindano ya ndani ya jicho. Kutoka kwetu Kasanga hadi kliniki Mbeya ni safari ya siku nzima. Aliyepitia anisaidie.

Bi Mkubwa: Pole mwanangu. Mimi nilichomwa leza macho yote mawili. Unatiwa matone mboni ipanuke, kidevu juu ya mashine, halafu mwanga wa kijani unapiga ta-ta-ta. Kuna doa husikii kitu, kuna lingine unaruka kitini. Sikuongezewa uoni, ila niliokuwa nao haukupotea. Shida usiku, uchochoroni sipiti bila tochi.

Fundi Stima: Leza ni ya kizamani, bibi. Utafiti wa Marekani wa 2015 ulionyesha sindano hazizidiwi na leza, na zinabakiza uoni wa pembeni.

Daktari Mwanafunzi: Kweli, lakini wale walirudi kliniki bila kukosa. Utafiti wa 2019 uliwafuata waliopotea kliniki zaidi ya miezi 6: waliotibiwa kwa sindano pekee walirudi na hali mbaya kuliko waliochomwa leza. Dawa ikiisha jichoni, mishipa inaota tena. Leza inaunguza pembe za retina zenye njaa ya oksijeni, zinaacha kuita mishipa mipya. Na si ile ya zamani: mashine za sasa zinapiga madoa mengi kwa kanyagio moja, kila doa kama sekunde 0.02 badala ya 0.1, maumivu yanapungua. Ipo pia leza ya mapigo madogo isiyoacha kovu, ila hiyo ni ya uvimbe wa katikati ya retina, haizuii mishipa mipya. Muulize daktari kama katikati pamevimba. Kama pamevimba, sindano kwanza.

Fundi Stima: Hapo kwenye kupotea umenibana. Mimi niko mjini, kliniki naenda kwa bodaboda.

Kijana wa Kasanga: Katikati hapajavimba, nimeuliza. Mama naye kasema, "Kila mwezi Mbeya kwa sindano, mihogo atapalilia nani?" Tunakwenda leza Jumatatu. Ataweza kutembea mwenyewe hadi stendi?

Bi Mkubwa: Usithubutu. Ukungu wa matone unakaa saa kadhaa. Mbebee kofia na miwani ya jua, mshike mkono.