Naomba ushauri: madereva hawanioni nikiwa kwenye pikipiki

Wakuu, habari zenu. Naendesha pikipiki kwenda kazini kila siku. Mwezi huu magari mawili yamenikatia njia, na madereva wote waliniambia neno lile lile: "Sikukuona." Wa pili alikuwa anakata kona kuingia barabara ya pembeni. Nilishika breki zote mbili hadi tairi la nyuma likaserereka. Tangu siku hiyo nina hofu, sifichi.

Taa ya mbele nawasha hata mchana. Ila helmeti yangu ni nyeusi na koti jeusi, nahisi tatizo liko hapo. Je, kizibao cha reflekta kinatosha, au nibadilishe na helmeti iwe nyeupe? Najua ile mistari ya kizibao hung'aa usiku ikipigwa na taa. Mchana kinachosaidia ni rangi kali ya kitambaa.

Kinachonisumbua zaidi ni foleni. Nikikaa karibu nyuma ya lori, dereva hanioni kwenye vioo. Nikipita katikati ya magari, naogopa mtu kufungua mlango ghafla. Nyie mnajiweka wapi? Na honi, mnapiga mapema? Mke wangu ameshaanza kunisihi niiache kabisa.