Kozi za uchumi mtandaoni kabla ya kuomba uzamili

Habari zenu ndugu,

Samahani kwa kuleta mambo ya shule wakati wiki nzima hapa tulikuwa tunajadili bima na mikataba ya nyumba. Digrii yangu ni ya sosholojia, na sasa nataka kuomba uzamili wa uchumi. Maombi mengi ninayoyaona yanafungwa Desemba. Hesabu pekee niliyosoma chuoni ni takwimu za mwaka wa kwanza, nikapata C. Kazi inanibana mchana, darasani siwezi kwenda. Nimeona kozi za Coursera na edX ambazo unamaliza kwa wiki chache tu. Nikikusanya vyeti vitano hivi vya uchumi, vitanisaidia?

-----

> Nikikusanya vyeti vitano hivi vya uchumi, vitanisaidia?

Mdogo wangu, vitakusaidia wewe kuelewa. Kamati ya udahili haitavijali sana. Mimi nilikusanya kumi na kimoja, nikavipanga kwenye wasifu kama medali za jenerali mstaafu, na vyuo vinne vikanikataa. Kimoja kilikuwa na uungwana wa kunijibu nilipouliza sababu. Mstari mmoja: hatuoni ushahidi wa hisabati. Na mimi usiku wote ule nilikuwa natazama video za mahitaji na ugavi!

Cheti kinasema umemaliza. Transkripti inasema umepata ngapi, na chuo gani kimeshuhudia. Kozi nyingi za bei nafuu unarudia maswali mpaka upate, na wanaosoma maombi wanalijua hilo. Tafuta kozi yenye krediti na alama. Mtandaoni zipo: University of Illinois wana NetMath, unasoma hesabu kwa mwendo wako, mitihani inasimamiwa, na mwishoni unapata transkripti ya chuo. Harvard Extension na UCLA Extension nao wana za kwao. Zinauma mfukoni, sikufichi.

Halafu usianze na uchumi. Uchumi watakufundisha wao. Kalkulasi hawana muda wa kukufundisha. Siku nilipofungua kitabu cha uzamili cha maikro, yaani uchumi wa mlaji na kampuni moja moja, nilitegemea soko na bei. Nikakuta mlaji mmoja, bajeti yake, na herufi ya Kigiriki, lambda, imekaa katikati ya mlinganyo. Ni mbinu ya Lagrange, ya kutafuta chaguo bora kabisa ndani ya kikomo kama bajeti, na kama hujasoma kalkulasi ya vigezo vingi utaikodolea macho tu. Kwa hiyo kalkulasi kwanza, mpaka hiyo ya vigezo vingi, halafu aljebra ya matriki, halafu takwimu. Maikro ya ngazi ya kati ije baadaye. Ile C usihangaike kuitetea kwenye barua yako ya maombi. Soma takwimu za ngazi ya juu zaidi upate A, tarehe zitajieleza.

Kabla ya kulipa chochote, pitia masomo ya bure ya OpenCourseWare ya MIT. Aljebra ya matriki, profesa wao Gilbert Strang anaifundisha kwenye video kwa chaki na ubao, taratibu, utadhani anakuonea huruma. Miezi miwili ya hapo, ndipo ujisajili kozi ya kulipia ukiwa umeiva.

Na barua za mapendekezo. Mwalimu mwenye wanafunzi elfu kumi kwenye video hakujui. Kwenye kozi ndogo, uliza maswali mpaka alishike jina lako.

-----

Naomba nimpinge kaka kidogo. Vyeti si vyote sawa. MIT wana MicroMasters, mfululizo wa kozi za mtandaoni za ngazi ya uzamili, ya data, uchumi na sera, iliyoanzishwa na akina Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Nobeli 2019 pamoja na Michael Kremer. Mitihani inasimamiwa, ada wanaipanga kulingana na kipato chako, na anayefuzu anaruhusiwa kuomba uzamili wao pale MIT. Mimi nimefanya ile ya uchambuzi wa data, 14.310x. Wanatumia R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Wiki ya tatu nilikaa saa mbili nikitafuta kosa, kumbe ni mabano niliyosahau kufunga. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimeweka hicho cheti kwenye maombi. Waliniuliza mradi wa data nilioufanya.

Kwenye hesabu nakubaliana naye moja kwa moja.

Kwa wengine mnaosoma hapa mkiwa Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1: katika masomo yenu ya muda wote, kozi ya mtandaoni inayohesabika ni moja tu kwa muhula, isiyozidi krediti 3. Msije mkaacha darasa la ana kwa ana kwa sababu ya haya.

-----

Asanteni sana, dada na kaka. Jana usiku nimemtazama Strang, somo la kwanza. Nimelisimamisha mara tisa, lakini nimefika mwisho. Desemba hii naiacha ipite.

Ila nina swali dogo. Mtihani unaosimamiwa kwa kamera wanataka uwe peke yako chumbani, na mimi chumba tunakaa wawili, mwenzangu anafanya kazi usiku na kulala mchana. Mnafanyaje?

-----

Maktaba. Zenye vyumba vidogo vya kusomea vinavyofungwa mlango, weka nafasi mapema. Siku moja kabla nenda ukajaribu intaneti yao ukiwa umekaa humo humo. Mimi ilikatika swali la nne.