Mzigo ukishashuka mnamfukuza dereva getini. Akague gari saa ngapi?

Wakuu, hii tabia ya wasimamizi wa maghala kupiga kelele "toa gari, kuna foleni" karatasi zikishasainiwa tu, ikome. Foklifti imepita humo ndani, mikanda imefunguliwa, uzito umehama. Likitokea la kutokea barabarani, anayeulizwa ni dereva peke yake!

Chukueni tela la mabegi ya upepo, yaani mifuko ya mpira yenye hewa inayobeba tela badala ya springi za chuma. Ili sakafu ilingane na jukwaa la kushushia, dereva huinua au hushusha tela kwa valvu ya mkono. Asipoirudisha kwenye nafasi ya safari, anaondoka tela limenyanyuka, na kimo anachokijua sicho atakachopita nacho chini ya daraja. Likibaki limelala, kila shimo ekseli inagonga na tairi zinasugua bodi. Kuirudisha ni sekunde chache, kisha asubiri tela litulie. Hata hizo mnamnyima?

Kushusha nusu ndiko kubaya zaidi. "Mzigo umepungua, nenda tu." Hesabu gani hiyo? Mzigo uliokuwa nyuma ya ekseli za tela ulikuwa unapunguza uzito wa mbele. Ukiutoa, mbele kunalemewa, na ekseli za kichwa, gari la mbele linalovuta tela, zinaweza kupita kikomo japo uzito wa jumla umeshuka. Tena paleti zilizobaki hazina cha kuziegemeza nyuma, mlima mmoja tu zinateleza hadi mlangoni. Zifungwe upya hapohapo.

Kontena tupu la futi 40 lina tani 4 hivi tu, na ubavu wake unakamata upepo kama tanga. Loki zote nne zinazolishika kwenye tela zifungwe, na dereva azione kwa macho, moja baada ya nyingine.

Halafu alizunguke gari lote: makomeo ya milango, mataa na madigadi yaliyogongwa na foklifti, jiwe au kipande cha paleti kilichobanwa katikati ya tairi pacha. Mkanda unaoning'inia ukinaswa na gurudumu unaweza kung'oa paipu ya upepo, na hapo breki zinaweza kukosa nguvu au kujifunga zenyewe barabarani. Ajaribu breki akiwa mwendo wa polepole humohumo ndani ya geti, maana gari tupu tairi hujifunga upesi na tela hujikunja, hasa lami ikiwa na maji.

Kama jukwaa linahitajika, mwambieni asogee pembeni, ndani ya geti, mumpe dakika 15. Na asiyemaliza kukagua asifunguliwe geti.