Mjadala: Mtoto mrefu wa miaka 13, ni lazima awe pivo?

Kocha wa vijana, Katuba (mwanzisha mada)

Wandugu wa baske (mpira wa kikapu) ya Lubumbashi, jambo yenu. Swali hili linarudi kila msimu, na sasa wazazi nao wanaliuliza. Mtoto akija uwanjani na miaka 13 na mita 1.80, kabla hata hajajua kudribo (kudundisha mpira) anafanywa pivo, yaani mchezaji wa chini ya kikapu, anaambiwa ainue mikono na asubiri. Mpira wanapewa wa mita 1.55. Wengi wa hao warefu ni watoto waliotangulia tu kukua. Ikifika miaka 16 wenzao wamewafikia kwa urefu, na wao hawana kazi nyingine wanayoijua.

Msimamo wangu: kabla ya miaka 16 asiwepo pivo wa kudumu. Sisemi tuache kufundisha mchezo wa ndani ya raketi, lile eneo lililochorwa mbele ya kikapu. Nasema afundishwe kila mtoto, mrefu na mfupi, kwa sababu mchezo huo ni wa miguu kabla ya kuwa wa urefu.

Mtazameni pivo anayejua kazi. Hasimami ndani kusubiri, anaingia kwa wakati wake. Mguu anauweka juu kidogo ya bloki, ile alama nene ya sentimita 40 pembeni mwa raketi. Akishuka chini yake, pembe ya kugongesha mpira kwenye kibao inakufa, na mstari wa mwisho unamsaidia beki. Kisha anakaa: magoti yamekunjwa, makalio chini kuliko ya beki, miguu imepita upana wa mabega. Mguu mmoja anaupitisha mbele ya mguu wa beki. Mkono wa upande huo umekunjwa, unahisi beki yuko wapi. Mkono wa pili uko wazi, vidole vyote, mbali na beki: mpira uje hapo. Nafasi hiyo inaishi sekunde moja, labda mbili. Mpira usipofika, atoke aanze upya.

Kwa wenye umri wetu kuna jambo jingine. Hadi 2010 raketi ya FIBA, shirikisho la baske duniani, ilikuwa trapeza (pana chini, nyembamba juu), mita 6 upande wa mstari wa mwisho. Sasa ni mstatili wa mita 4.90. Kwenye mstari wa mwisho, ukingo wa raketi umesogea ndani kwa zaidi ya nusu mita, lakini wapo wanaoendelea kuwapanga watoto palepale pa zamani. Hapo mtoto akigeuka hatua moja hafiki kwenye chuma cha kikapu, analazimika kudribo mara mbili, na dribo ya pili ndiyo inayoporwa.

Antreneri, Kampemba

Kocha, kwa miguu tuko pamoja. Kwa miaka 16, hapana.

Piga hesabu ya kiwanja cha mtaa: watoto 24, vikapu 2, mipira 5, saa moja na nusu mara mbili kwa wiki. Ukitaka kila mtoto ajifunze kila kitu, hakuna atakayejua kimoja. Mimi nasema mrefu apewe dakika 20 zake kila mazoezi kwenye kikapu kimoja. Zoezi la Mikan: layapu (shuti la karibu kabisa na kikapu) ya mkono wa kulia upande wa kulia, dakia mpira kabla haujagusa chini, layapu ya kushoto upande wa kushoto, mpira usishuke chini ya kidevu. Mara 20 bila kukosa ndiyo shabaha. George Mikan mwenyewe, pivo wa zamani mwenye jina la zoezi hilo, aliwasumbua Wamarekani kiasi kwamba mwaka 1951 NBA, ligi yao kuu, ilipanua raketi kutoka futi 6 hadi 12. Hiyo ndiyo nguvu ya mtu aliyefundishwa kazi moja akaijua.

Na tusisahau wa kwetu. Bismack Biyombo alizaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 1992, ana zaidi ya mita 2. Mwaka 2011, kwenye mechi ya vijana ya Hoop Summit kule Portland, alipata pointi 12, rebo 11 (mipira iliyodakwa baada ya shuti kukosa) na kuzuia mashuti 10. Miezi michache baadaye alichaguliwa wa 7 katika drafti ya NBA, yaani uchaguzi wa wachezaji wapya. Hakuna aliyemdai apandishe mpira. Kazi ya ndani ilimtosha.

Kocha wa vijana, Katuba

Mkubwa, mfano huo unasimama upande wangu. Mashuti 10 aliyozuia na rebo 11 si kucheza na mgongo kwa kikapu. Biyombo amejipatia nafasi NBA kwa kulinda, kudaka rebo na kuwazibia njia mabeki, na ana zaidi ya mita 2. Wengi wa watoto tunaowafungia leo wataishia mita 1.88. Pivo wa mita 1.88 asiyejua kutazama kikapu hana timu ya wakubwa itakayomchukua.

Mtazame Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, 2002. Naye alichaguliwa wa 7, mwaka 2021, lakini huyu anashambulia akitazama kikapu. Na Hakeem Olajuwon, pivo mzaliwa wa Nigeria aliyetamba NBA, ambaye miguu yake ndani ya raketi bado inafundishwa dunia nzima: kule Lagos alicheza handiboli na kudaka golini kwenye mpira wa miguu, na baske aliianza akiwa kijana tayari. Watoto wa Lubumbashi wanazaliwa na mpira miguuni. Mali hiyo tunaipoteza tunapomsimamisha mtoto kama nguzo ya umeme.

Mene, timu ya wanawake, Kamalondo

Bakocha, mnabishana juu ya pivo na mmemsahau anayempa mpira. Pivo wengi hawakosi nafasi, wanakosa pasi.

Mene, yaani anayeongoza mchezo na kugawa mpira, akisimama juu, karibu na katikati ya kiwanja, pasi yake inapita mbele ya beki wa pivo. Lazima adribo ashuke pembeni hadi usawa wa mstari wa lanse fran (mtupo huru) au chini yake, ili mpira, pivo na chuma viwe kwenye mstari mmoja. Hapo beki hana budi kuchagua upande, na pasi inaenda upande aliouacha:

Beki akiwa nyuma, pasi ya moja kwa moja kifuani. Akiwa upande wa katikati, pasi ya kudundisha upande wa mstari wa mwisho, idunde kama theluthi mbili ya njia ili ifike kiunoni, si magotini. Akisimama mbele ya pivo, pasi ya juu kuelekea pembe ya kibao. Lakini angalia kwanza kama upande wa pili hakuna mtu anayesubiri kuikata. Akiwepo, rudisha mpira kwa aliye juu: pivo ageuke tu, amzibe beki wake mgongoni, pasi ije kutoka huko.

Pia mhadae beki wako kabla ya kupasi. Onyesha juu, pasia chini. Ukitoa mpira polepole kwa mikono miwili toka kifuani kila mara, hata beki wa miaka 12 ataukata.

Kosa kubwa kuliko yote: ukishapasi, unabaki palepale kutazama. Beki wako anageuka, hatua mbili, yuko juu ya mpira wa pivo. Kata kwenda kikapuni, au sogea mita 3 au 4 kuelekea kona. Beki akikusahau, mpira utakurudia ukiwa peke yako.

Mchezaji wa nje, Bel-Air

Mimi naona mnapoteza muda. Mstari wa pointi 3 uko mita 6.75. Anayefunga shuti moja kati ya 3 toka pale ni sawa na anayefunga nusu ya mashuti yake ya ndani. Mtoto gani wa miaka 14 anafunga nusu huku beki amemwegemea mgongoni? Tena sheria zetu za FIBA hazina sekunde 3 za beki kama NBA. Huku msaidizi anaruhusiwa kukaa katikati ya raketi mechi nzima. Pivo wa NBA mnayemwona kwenye simu anacheza na mtu mmoja. Wa hapa anacheza na wawili na nusu.

Antreneri, Kampemba

Hapo kuna ukweli, mdogo wangu. Hiyo zoni (ulinzi wa eneo) ya kukaa ndani ndiyo inayoua watoto wote, wa ndani na wa nje.

Kocha wa vijana, Katuba

Hesabu yako ni sahihi, ila umeacha vitu viwili. Kwanza fote (kosa la kumgusa mpinzani). Anayeshambulia chuma kwa miguu miwili anapeleka timu kwenye lanse fran: kuanzia fote ya 5 ya timu katika robo, kila fote ya beki ni lanse fran 2 hata kama hakuna aliyekuwa akishuti. Pili, pasi. Nikola Jokić, pivo Mserbia, amekuwa mchezaji bora wa NBA 2021, 2022 na 2024, na pasi anazotoa akiwa mgongo kwa kikapu ni sehemu kubwa ya sababu. Beki wawili wakimjia pivo, mtu mmoja wa nje yuko huru. Shuti lako la mita 6.75 linazaliwa hapo.

Nami nikuulize: mtoto gani wa miaka 14 anafunga moja kati ya 3 toka mita 6.75? Anarusha toka kiunoni, na mtindo huo mbovu unaweza kubaki hadi ukubwani.

Refa, Ruashi

Niongeze upande wa filimbi, maana nusu ya kelele za ndani ya raketi ni kutojua sheria.

Sekunde 3: mshambuliaji asikae ndani ya raketi zaidi ya hizo. Kukanyaga mstari ni kuwa ndani. Kutoa mguu mmoja na kuurudisha hakufuti hesabu, lazima miguu yote miwili iguse chini nje. Watoto wanacheza ngoma ya mguu mmoja kisha wanashangaa tukipiga.

Marshe (kutembea na mpira): hapa ndipo pivo wanapoteza mipira mingi. Mtoto amedaka, anataka kugeuka upande wa mstari wa mwisho. Anarusha mguu wa nje nyuma ya beki, vizuri. Halafu anaburuta mguu wa egemeo, ule anaozungukia, ndipo anadundisha. Amechelewa. Mpira uondoke mkononi kabla mguu wa egemeo haujanyanyuka. Afundishwe kudundisha mara moja, kwa nguvu, kati ya miguu yake, wakati mguu wa nje unatua. Halafu aruke kwa miguu yote miwili. Na adake akitua kwa miguu miwili pamoja: hapo anaweza kuchagua mguu wowote uwe egemeo, na beki hajui atageukia wapi.

Kusukumana: kila mmoja ana haki ya nafasi yake, wima toka chini hadi juu. Kumhamisha mwenzako kwa bega au nyonga ni fote, awe beki au pivo. Kufungua kiwiko ili umshike beki asikuzunguke pia ni fote. Hii tunaipiga sana kwa watoto wanene, kwa sababu wamefundishwa kusukuma kabla ya kufundishwa kukaa chini.

Mzazi, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Aksanti bakocha. Kijana ana miaka 14 na mita 1.78, nyumbani hakuna kikapu. Afanye nini?

Mene, timu ya wanawake, Kamalondo

Baba, kikapu si lazima. Achore kwa chaki mraba wa hatua moja kila upande, asimame katikati. Ajirushie mpira mbele, uruke, audake akitua miguu miwili, auweke chini ya kidevu, viwiko nje. Kwanza ageuze kichwa juu ya bega moja, atazame, ndipo ageuke. Wengi wanageuka bila kutazama na kumpa mpira beki wa pili. Mara 10 kwa egemeo la kulia, mara 10 la kushoto. Halafu ukutani: asimame ubavu, bega likielekea ukuta, arushe bra rule (shuti la ndoano) kwa mkono wa mbali, mpira upande karibu na sikio na uishie kwenye vidole, ugonge alama ya mita 3. Mara 25 kila mkono. Mkono dhaifu uanze, kabla hajachoka. Na kama uwanja ni wa saruji yenye vumbi, afute soli za viatu kwa kitambaa chenye maji kwanza: mguu wa egemeo ukiteleza, goti ndilo linalolipa.

Antreneri, Kampemba

Nimewasikia. Niko tayari kukubali miaka 14, si 16. Baada ya 14 timu inashindana, mzazi analipa usafiri, na mrefu lazima aanze kubeba kazi yake. Lakini sikubali kazi hiyo iwe kuinua mikono tu. Na swali langu bado halijajibiwa: vikapu 2, watoto 24. Mnawapangaje?

Kocha wa vijana, Katuba

Kwa zamu, mkubwa. Vikapu 2 vina bloki 4. Watoto 6 kwenye kila bloki: mmoja ndani, mmoja beki, mmoja wa pasi pembeni, watatu wanasubiri. Mpira mmoja kwa kila bloki, wa tano unabaki wa akiba. Bloki mbili za kikapu kimoja zipeane shuti, zisigongane hewani. Sheria za zoezi: pasi isipotoka ndani ya sekunde 3 pivo atoke, dribo ni moja tu, na beki haruhusiwi kupora mpira dakika 5 za kwanza, anaruhusiwa kuegemea tu. Baada ya kila shuti wa ndani anakuwa wa pasi, wa pasi anakuwa beki, beki anatoka, mmoja wa wanaosubiri anaingia ndani. Kila baada ya dakika 6 bloki zinabadilishana upande wa kulia na kushoto. Ndani ya dakika 24 mtoto wa mita 1.50 amecheza kama pivo sawa na wa mita 1.80, na wa mita 1.80 amepasi akitazama kikapu sawa na mene.

Kuhusu miaka 14 au 16, bado sijakubali. Wa 14 wako wengi ambao mifupa yao haijamaliza safari.