Naombeni ushauri: muziki wa harusi ya mdogo wangu, baba asikimbie ukumbi

Dada Mkubwa: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao hapa Dar na kamati imenikabidhi suala la muziki. Sisi ni Wangoni wa Songea, bwana harusi ni Msukuma wa Mwanza. Waalikwa 250, ukumbi ni wetu saa 12 jioni hadi saa 6 usiku.

Kinachoninyima usingizi ni baba. Ana miaka 71, mpenzi wa bendi ya dansi ya Msondo tangu ikiitwa JUWATA. Yeye na marehemu mama walikuwa hawakosi dansi. Tangu mama atutoke, miaka mitatu sasa, sijamwona akisimama kucheza. Mwaka jana kwenye harusi ya binamu yetu, DJ alifungulia besi mpaka glasi zikawa zinatembea mezani. Baba alikaa kaziba sikio kwa leso, saa 3 akaomba arudishwe nyumbani. Ikitokea hivyo kwa binti yake wa mwisho sitajisamehe. Vijana wa kamati wanataka Bongo Fleva na singeli mwanzo mwisho. Nipangeje?

Fundi Mitambo: Pole sana kwa kumpoteza mama, dada. Nimepiga muziki wa harusi miaka 14. Wazee wengi hawakimbii nyimbo, wanakimbia spika. Meza ya wazazi inakaa mbele, na spika nazo zinasimamishwa hapo hapo. Siku hiyo wahi ukumbini, kaa kwenye kiti cha baba, mwambie DJ apige. Ikibidi upaze sauti ndiyo jirani yako akusikie, spika zigeuzwe au meza ihamishwe. Chakula kiende na rumba taratibu, besi chini. Singeli isubiri zawadi ziishe. Halafu nyimbo ziwe kwenye flashi, msitegemee intaneti ya ukumbini. Nimeona maharusi wamesimama mlangoni, wimbo unazunguka tu haufunguki.

Mzee wa Dansi: Binti yangu, umenigusa. Wimbo wa dansi kwanza waimbaji wanasimulia, halafu magita na tarumbeta yanachukua usukani: hilo ndilo chemko, na sisi ndipo tunaponyanyuka. Unaweza kwenda dakika 7 au 8. DJ kijana anaukata dakika ya pili, mzee ndiyo kwanza anatafuta fimbo yake. Mkataze. Na sikiliza maneno kabla, maana nyingi katika hizo nyimbo tamu ni visa vya talaka, usaliti na misiba. Sauti nzuri isikudanganye.

Mama Pili: Na taarabu ya mipasho msiguse, mama mkwe atadhani kaimbiwa yeye. Ila mimi naogopa kitu kimoja: MC asije akamwita baba jina kwenye maiki acheze. Mjane kusimamishwa peke yake mbele ya watu 250 ni kumtonesha kidonda. Kamuulizeni kwanza.

Msukuma wa Magu: Shemeji, upande wetu tukija na bugobogobo, tunacheza na majembe na yanarushwa juu. Angalieni dari na zile taa za mapambo! Zawadi za ukweni zitolewe kwa ngoma hiyo, nanyi mjibu kwa lizombe, ngoma yenu ya Kingoni. Ngoma za moyoni wazee hawaziiti kelele.

Dada Mkubwa: Nawashukuru wote. Mama Pili, ulichosema kilinikaa. Jumapili nilikwenda kwa baba na simu, nikampigia nyimbo moja baada ya nyingine. Mbili za kwanza alikuwa anatazama nje tu. Ya tatu ilipofika kwenye chemko, kandambili ikaanza kugonga sakafu. Akasema, "Hapa ndipo mama yenu alipokuwa ananikanyaga." Tukanyamaza wote wawili mpaka ukaisha.

Nilipomuuliza kama tuupige siku hiyo, akakubali, ila shangazi zangu watangulie kusimama, yeye atafuata akijisikia. Kwa hiyo utapigwa mara baada ya keki, na MC nimeshamwambia asitaje jina la mtu. Shangazi wa Songea anakuja na wachezaji wa lizombe, Msukuma jiandaeni. Kwenye karatasi ya DJ nimeuandika kwa wino mwekundu: dakika 8, usikate.