Nyuki wakipungua, kuweka mizinga ni kuwasaidia au tunajifurahisha tu?

Mdadisi77
Wakuu habari zenu, kila mahali naskia nyuki wanaisha nyuki wanaisha, juzi jamaa kazini kaniambia wakitoweka binadamu anabaki na miaka minne tu ati Einstein ndo kasema. Nikawaza niweke mizinga miwili mitatu nyuma ya nyumba na mimi nichangie. Lakini mbona asali ipo tele tu? Wanaoisha ni nyuki gani hasa? Au sisi tunaorina ndo tunawamaliza?

chavua_tupu
Hiyo ya Einstein achana nayo, hakuna ushahidi kwamba aliisema, na yenyewe haikai sawa maana mahindi, mpunga na ngano havingoji nyuki. Shughuli iko kwenye matunda, mboga, maboga, lozi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema karibu 75% ya aina za mazao ya chakula zinategemea wachavushaji (nyuki na viumbe wengine wanaohamisha chavua ya maua) angalau kidogo.

Sasa asali. Nyuki wa asali ni aina chache tu kati ya zaidi ya 20,000 za nyuki, na huyu anayefugwa ana mwenyewe, makundi yakifa mfugaji anagawa yaliyobaki, anatafuta malkia mwingine, msimu ujao mizinga imejaa tena, ndo maana idadi ya mizinga duniani imepanda tangu miaka ya 1960 ingawa Marekani na sehemu za Ulaya ilishuka sana. Wanaopotea kimyakimya ni nyuki wa porini, wale wanaochimba ardhini au kukaa mmojammoja kwenye vitundu vya miti, hao hawana wa kuwahesabu. Mzinga mmoja unabeba makumi elfu ya nyuki, ukiurundika pamoja na mingine mahali maua ni haba unawanyang'anya hao chakula. Kwa hiyo kufuga nyuki ili kuwaokoa nyuki... mh.

MosHi na Nta
Mkuu hapo juu kasema kweli ila na hawa wa kufugwa wana yao, tusiwasahau. Mi nafuga, adui yangu namba moja ni utitiri wa varoa. Asili yake ni kwa nyuki wa Asia, Apis cerana, wale wameshazoeana nao, sisi binadamu kwa kuhamishahamisha mizinga ndo tukaupeleka kwa Apis mellifera, huyu nyuki wa asali tunayemfuga, ambaye hakuwa ameuzoea. Unazaliana kwenye vyumba vya majana (watoto wa nyuki) na unasambaza virusi, nyuki anatoka mabawa yamekunjamana, hata kuruka hawezi. Halafu angalia California, kila Februari mizinga zaidi ya milioni moja inaletwa kwa malori kuchavusha lozi, wazima na wagonjwa wote shamba moja, unategemea nini?

Kurina peke yake hakuwamalizi, waachie akiba yao. Tatizo ni yule anayekomba kila sega hadi la majana, au anayechoma kundi zima usiku kisha anajiita mrina asali.

dada_shamba
Mbona hamtaji dawa?? Mbegu zinapakwa neonikotinoidi, dawa za kuua wadudu, mmea ukikua sumu imo mpaka kwenye chavua na mbochi (maji matamu ya maua), nyuki hafi palepale, anaweza tu kupotea njia ya kurudi mzingani. Umoja wa Ulaya walipiga marufuku tatu kati ya hizo mashambani mwaka 2018. Na wanaopuliza dawa saa nne asubuhi maua yamefunguka, hawa sijui niseme nini. Puliza jioni basi nyuki wameshalala!

Mdadisi77
Aisee. Kwa hiyo mizinga niache?

chavua_tupu
Kama unataka asali weka, hakuna aliyekukataza. Kama ni kusaidia, panda maua yanayopokezana mwaka mzima, usipulize dawa, na acha kona ya udongo mtupu isiyo na majani, wale nyuki wanaochimba ardhini wapate pa kukaa.

Mdadisi77
Udongo mtupu? Kona kubwa kiasi gani?

chavua_tupu
Hata mita moja ya mraba, ipigwe jua na usiilime.